Siku Kumi za Mikono Mikavu

Kisanduku kilivikataa vidole vya Mama Punje mara mbili. Mara ya kwanza alisema ni mkosi tu. Mara ya pili akajua kosa ni lake, maana yeye alikuwa mfua nguo, na mfua nguo akiona kitu kimekataliwa, wazo lake la kwanza ni kwamba hakijatakata.

Kisanduku chenyewe kilikuwa cheusi, kidogo kama kipande cha sabuni ya mche, na juu yake kilikuwa na kioo. Ukiweka kidole kwenye kioo, mwanga wa kijani ulipita chini yake polepole, kama mtu apitaye na taa chumba hadi chumba akitazama waliolala, asitake kumwamsha yeyote. Kikikubali, kililia mlio mmoja mfupi na mtamu, kama kifaranga. Kikikataa, hakikusema kitu. Ukimya huo ndio uliomkata maini Mama Punje. Afadhali kingemtukana, angalau angejua pa kuanzia kujibu.

Kilikuwa mali ya Mpango wa Mama na Mtoto. Mama yeyote aliyebanwa na maisha, mwenye mtoto ambaye hajatimiza miaka mitano, angeandikwa jina na kupewa kadi. Kwa kadi hiyo angepata kila mwezi posho ya kumlisha mtoto, na mtoto akiumwa angetibiwa bila mama kuulizwa ana nini mfukoni. Ila kadi haikutoka mpaka kisanduku kisome kidole. Kila mama alipewa nafasi tatu. Mwisho wa mwezi karani angekifunga kisanduku ndani ya mkoba wake na kwenda nacho mtaa mwingine, na kurudi kwake hakukuwa na tarehe.

Karani alikuwa binti mwembamba wa miwani, mpole, aliyepewa darasa la chekechea kuwa ofisi yake. Akina mama walimsubiri kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa videvu, kila mmoja na mwanawe mapajani. Karani alipoona kiti kimoja kimevunjika mguu, alimpa mama mmoja mjamzito kiti chake mwenyewe, akafanya kazi amesimama tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mambo kama hayo Mama Punje aliyaona. Hakuweza kumchukia binti yule hata alipotaka.

Baada ya kukataliwa mara ya kwanza, alirudi nyumbani akasugua mikono kwa sabuni na jivu. Baada ya mara ya pili, alitwaa jiwe la kusugulia visigino, akakisugua kidole kimoja kimoja mpaka vyote kumi vikang'aa kama mayai yaliyomenywa. Akavitazama, akaridhika. Kesho yake akambeba Punje kwenda kupima uzito.

Punje alikuwa na miezi kumi na mmoja. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo hivi, na nesi aliyempokea akasema, "Huyu si mtoto, ni punje," na jina likamganda. Baba yake alikwenda mbali kutafuta kazi, akaahidi kuandika barua. Watu wakimuuliza Mama Punje habari zake, husema, "Nadhani bado anatafuta kalamu." Watu hucheka, naye hucheka nao, halafu huinamia beseni lake.

Kwenye kitabu cha Punje kulikuwa na mstari wa uzito. Mstari huo hutakiwa kupanda kila mwezi kama mtu apandaye ngazi. Wa Punje ulipanda vidaraja vitano, ukaketi kupumzika, na sasa ulikuwa mwezi wa tatu haujainuka.

Nesi wa mizani alikuwa mama mtu mzima anayekaribia kustaafu. Kila asubuhi, kabla ya kumlaza mtoto kwenye mizani, aliifunika sahani ya chuma kwa viganja vyake vyote viwili akingoja ipate joto, mtoto asishtuke. Foleni iwe ndefu kiasi gani, hakuacha kufanya hivyo. Siku ile alimpima Punje, akaangalia, akamshusha, akampima tena.

"Bado amekaa palepale," akasema.

"Anakula, nesi. Namtilia kikombe cha uji, nakiweka karibu yake, narudi kwenye nguo. Nikigeuka, umeganda."

"Na kadi ya Mpango?"

"Kisanduku hakinitaki. Imebaki mara moja. Lakini safari hii nimejisafisha sawasawa, hebu ona."

Akamwonyesha mikono kwa fahari kidogo. Nesi alikishika kidole gumba, akapitisha chake juu yake, mara akavaa miwani.

"Mwanangu, hiki ni kidole au ni kijiko?"

"Kimetakata, sivyo?"

"Kimetakata mno. Kile kisanduku hakitafuti usafi. Kinatafuta hii michirizi ya kwenye ncha, hii hapa, tazama yangu. Kila mtu ana yake, haifanani. Wewe yako umeifua."

"Nimeifua?"

"Umeifua, ukaisuuza, ukaianika. Miaka yote hiyo ya magadi na sabuni, na juu yake jiwe la visigino! Nani kakutuma?"

Mama Punje aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Kumbe kila alipojitayarisha kwenda kwa karani alikuwa akijifuta mwenyewe. Kwa miaka saba hapakuwa na doa mtaani lililomshinda, na sasa alijiona kama doa lililoshindwa.

"Hairudi tena?" akauliza taratibu.

"Inarudi. Ngozi haina kinyongo. Ukiipumzisha, inasahau yote uliyoifanyia. Leo hadi siku ya mwisho ya kisanduku ni siku kumi. Siku kumi usiguse maji, usiguse sabuni, usiguse jivu. Paka mafuta asubuhi na jioni, na uiache ilale."

"Siku kumi! Nesi, mimi nikikaa siku mbili bila kufua, sufuria yangu nayo inakaa bila kitu."

"Kwani kwenu unaishi na mawe?"

"Ninaishi na watu."

"Basi kawaambie." Nesi akamfunga Punje shuka lake, akalikunja kwa ustadi chini ya kidevu. "Au nije niwaambie mimi?"

Mama Punje akasema hapana, atasema mwenyewe. Lakini alipofika nyumbani alishindwa. Yeye alikuwa na desturi ya kutoomba. Aliishi kwenye ua wa vyumba vinane vilivyozunguka bomba moja, na katika ua huo yeye ndiye aliyewaogeshea wenzake watoto wao, aliyewafulia wagonjwa shuka, aliyewatolea madoa ya mafuta bila kudai asante. Kutoa alikuzoea. Kupokea kulikuwa kama kuvaa kiatu cha mtu mwingine. Alikaa mlangoni pake akiyatazama mabeseni mawili ya nguo zilizolowekwa tangu alfajiri, mikono yake ameikumbatia kwapani.

Wa kwanza kuliona jambo hilo alikuwa fundi cherehani wa chumba cha pili, mwanamke mwenye ulimi kama mkasi wake.

"We mama, umeugua au umerithi? Jua limefika pale na nguo bado zimo majini. Zikiota mizizi utazivuna lini?"

Mama Punje akafungua kinywa aseme ni uchovu tu, na badala yake maneno yote yakatoka, ya kisanduku, ya jiwe la visigino, ya mstari wa Punje uliokaa chini. Alipomaliza, fundi alikuwa ameshachuchumaa mbele yake, pini zikiwa bado mdomoni.

Kwenye kizingiti cha chumba cha nane alikaa bibi mmoja kutwa nzima, kwa hiyo ua mzima walimwita Bibi Kizingiti. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini masikio yake yalisikia mpaka maziwa yakichemka nyumba ya jirani.

"Nimesikia!" akapaza sauti. "Njooni wote hapa. Hata wewe wa mkaa."

Wakaja. Bibi Kizingiti akagawa kazi kama jemadari. Fundi atafua nguo nyeupe, kwa kuwa anajua vitambaa. Wanawake wa chumba cha tano na cha sita watafua za rangi. Yeye mwenyewe atamwogesha Punje, kwa kuwa mtoto haogeshwi kwa macho, huogeshwa kwa mikono.

"Na mimi?" akauliza muuza mkaa, mwanamume mkubwa aliyejaa mlangoni.

"Wewe ufue nini, baba?" fundi akasema. "Shati jeupe likipita mikononi mwako litatoka suruali ya gereji."

Ua ukavunjika mbavu. Muuza mkaa naye akacheka, lakini hakuondoka. Alikwenda bombani akanawa mikono mara tatu, akaja kuionyesha pande zote mbili kama mtoto wa shule kwenye ukaguzi. Akapewa kuchota maji na kukamua mashuka, na hakuna shuka lililowahi kukamuliwa namna ile. Yalitoka yamekauka nusu.

"Na wewe," Bibi Kizingiti akamwambia Mama Punje, "kazi yako ni kukaa. Ukinyanyuka nitakusikia."

Jioni ile fundi alishona vifuko viwili vya mikono kwa vipande vya nguo vilivyobaki, kimoja cha maua, kingine cha mistari. Akamvisha, akafunga kamba vifundoni. "Mtu asije akakupa kitu ukasahau," akasema. "Haya, bibi harusi wetu. Kaa ulishwe."

Ndivyo zilivyoanza siku ambazo Mama Punje, hata sasa, hana hakika kama aliziishi au aliziota.

Alikaa juu ya mkeka kivulini, mikono imelala mapajani mwake kama watoto wawili wageni. Hakuwahi kuiona imetulia. Siku ya kwanza iliwashwa na kutaka kwenda. Siku ya pili iliuma kama inayokumbuka. Siku ya tatu ikanyamaza, na yeye mwenyewe akanyamaza nayo, na ulimwengu ukaanza kuelea.

Nguo zilipepea kwenye kamba, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya alizitazama kwa mara ya kwanza kama nguo, si kama kazi. Gauni la mke wa daktari wa meno lilijaa upepo likawa kama mwanamke mnene anayecheka. Suruali za mapacha wa duka la vyuma zilitembea hewani bila kufika. Shuka moja kubwa lilipanda na kushuka, kupanda na kushuka, mpaka akaona ni ua mzima unaovuta pumzi, na yeye yumo ndani ya kifua chake. Mapovu yaliruka kutoka mabesenini, yakapita juu ya kichwa cha Punje, na ndani ya kila povu alikuwamo Punje mwingine, mdogo zaidi, ameshangaa.

Masikio yake tu ndiyo yaliyokataa kulala. Alijua kwa mlio jinsi nguo inavyofuliwa.

"Kola!" alisema huku amefumba macho. "Mwenzangu, hujaisugua kola."

"Bibi harusi hasemi!" fundi alijibu. "Sikia huyo, anafua kwa masikio."

Kola ilikuwa haijasuguliwa kweli. Siku ya nne shati la mwalimu mkuu lilipelekwa likiwa na rangi ya samawati upande mmoja, maana fundi alizidisha buluu ya kung'arishia nguo nyeupe. Mwalimu alikuja uani mwenyewe, shati mkononi, akauliza nani amelifua. Bibi Kizingiti akamsimulia habari yote, mwanzo hadi mwisho. Mwalimu akasikiliza, akamtazama Mama Punje aliyekuwa ameficha vifuko vyake nyuma ya mgongo, akalikunja shati lake. "Kwa kweli rangi hii imenipendeza," akasema. Toka siku hiyo hakuleta nguo nyingine, asije akawaongezea kazi, na mtaa mzima ukamwona amelivaa shati hilohilo kwenda shuleni siku nne mfululizo, kola iko juu, hana wasiwasi.

Asubuhi na jioni Mama Punje alivua vifuko, akapaka mafuta, akainua vidole kwenye mwanga. Siku ya tano aliona kitu kwenye kidole cha shahada, chembamba sana, kama njia ya sisimizi kwenye vumbi. Siku ya sita zikawa njia tatu. Alikichukua kidole cha Punje akakiweka kando ya chake. Cha Punje kilikuwa kimejaa michirizi, midogo, mizuri, imezungukana kama maji yaliyodondokewa na tone. Akafikiri, hivi ndivyo nilivyokuwa. Akamkumbuka marehemu mama yake akimfunga kitufe cha sare ya shule, na vidole vile vya mama vilivyokwaruza kidogo shingoni. Kumbe mkwaruzo ule ulikuwa ndiye mama mwenyewe, ameandikwa.

Jambo lingine alilijua katika siku hizo, na hilo lilimkaa moyoni kuliko michirizi. Kwa kuwa hakuwa na beseni la kumwita, alivua vifuko akamlisha Punje kwa kijiko, tangu kikombe kimejaa hadi kimekwisha. Akagundua kwamba Punje hali haraka. Punje hupokea kijiko kimoja, hukizungusha mdomoni, hutazama nguo kwenye kamba, kisha humtazama mama yake. Asipoona mtu anayemtazama, hakifungui tena kinywa. Akiona macho yanamngoja, hufungua. Miezi yote hiyo Punje hakukataa uji. Alikuwa anangoja atazamwe.

Hapo ndipo Mama Punje alipoelewa kadi ile ilikuwa nini hasa. Alikuwa akiihesabu kama maziwa na unga. Kumbe ilikuwa pia huku kukaa, nusu saa ya kijiko, asubuhi na jioni, bila nguo za watu kumsubiri. Akaitaka kadi kwa tamaa iliyomtisha. Mtu asiye na kawaida ya kutaka, akitaka, hutaka kwa mwili mzima.

Siku ya nane, mchana, Punje alipata homa.

Ilimpanda ghafla, kama maziwa yanavyofura. Fundi alikuwa ameenda kutafuta nyuzi, muuza mkaa yuko na mzigo wake, Bibi Kizingiti amepelekwa kliniki ya macho, na vyumba vya tano na sita vimefungwa, wenyewe kazini. Ua mzima ulikuwa mtupu, nguo tu zikipepea. Mama Punje alimweka mtoto begani akaita, akaita tena. Akatazama bomba.

Wala hakufikiri sana. Baadaye watu walimwuliza kama aliwaza kadi, akasema hapana, aliwaza shingo ya Punje jinsi ilivyokuwa moto. Alimpakata kwa mkono wa kushoto, akavuta kamba ya kifuko cha kulia kwa meno, akatia mkono majini. Alichovya kitambaa, akakikamua, akampitishia kichwani, kwapani, miguuni, akachovya tena. Kitambaa kilikuwa kile kigumu cha kufutia beseni, hakikuwepo kingine karibu. Jua likahama kutoka upande mmoja wa ua hadi mwingine, naye akichovya na kukamua, akimwimbia Punje mambo yasiyo na kichwa wala miguu, mpaka Bibi Kizingiti aliporudi akipapasa ukuta na kusimama ghafla.

"Nasikia maji," bibi akasema.

"Ni mimi, bibi. Anaumwa."

"Umetia mkono?"

"Nimetia."

Bibi akaja akamgusa Punje kipaji cha uso, akakaa chini kando yao kwa uzito. "Ungeacha kuutia ningekupiga bakora," akasema. "Lete hicho kitambaa. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Hebu tuongeze mwingine."

Jioni, kabla jua halijazama, homa ilishuka. Punje akanyoosha mkono kutaka kunywa. Mama Punje ndipo alipoutazama mkono wake wa kulia. Ngozi mpya, nyembamba kama ganda la kitunguu, ilikuwa imebanduka kwenye ncha zote tano. Zile njia za sisimizi zilikuwa zimekwenda na maji. Akarudisha kifuko, akafunga kamba, hakulia. Siku ya tisa na ya kumi aliendelea kupaka mafuta, kama mtu anayefagia nyumba ambayo ameshaambiwa ahame.

Siku ya mwisho ya kisanduku, ua ulikwenda naye. Fundi alifunga cherehani, muuza mkaa alifunga banda, na Bibi Kizingiti akaongozwa kwa mkono. Nesi wa mizani naye alipita saa ya chai, akasimama mlangoni. Darasa la chekechea likajaa. Foleni bado ilikuwa na akina mama saba au wanane, kila mmoja amebana kwenye kiti chake kidogo.

Karani alimkumbuka. "Mara ya tatu, mama," akasema kwa huruma. "Kidole gumba, tafadhali."

Mama Punje alimhamishia Punje vizuri kwenye mkono wa kushoto, akavua kifuko cha kulia, akaweka gumba la mkono huo kwenye kioo. Mwanga ukapita. Kimya. Cha shahada. Kimya. Cha kati, kimya. Walipomaliza kile kidogo, darasa lote lilikuwa limeshusha pumzi. Karani akainamisha kichwa, akapeleka kidole chake kwenye kitufe kilichokuwa upande wa kisanduku.

"Unabonyeza nini?" Mama Punje akauliza.

"Jibu lako, mama. Ili kiendelee kwa mwingine."

"Jibu langu linasemaje?"

Karani akasita. "Linasema... hakufika."

"Nani hakufika?"

"Wewe, mama."

Mama Punje akatazama viti, akatazama miguu yake. Sauti yake haikupanda. "Lakini nimefika, mwanangu. Nimefika mara tatu. Kiti chako hiki kimenivunja kiuno."

Kicheko kikazuka, kisha kikafa haraka, maana karani hakuwa anacheka.

"Kina majibu mawili tu," akasema. "Amesomwa, au hakufika. Hakuna la tatu. Nimewabonyezea wengi hivyo. Kumi na tisa, nadhani." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake, ingawa haikuwa na vumbi. "Huko makao makuu wakisoma wataona akina mama kumi na tisa hawakutaka kuja."

"Basi kifundishwe kusema," akasema Bibi Kizingiti kutoka nyuma. "Mtoto wa miaka miwili anajua maneno matatu."

Karani alivaa miwani. Akamtazama Mama Punje kwa makini, kuanzia usoni hadi kwenye mkono uliombeba mtoto, na kile kifuko cha mistari kilichokuwa bado kimefungwa huko mwishoni.

"Na huo wa kushoto?"

"Huu umemshika mtoto."

"Mara zote tatu umemshika mtoto, nami mara zote nimepima wa kulia tu." Karani aliinuka nusu.

"Huo nao uliutia majini siku ile?" Bibi Kizingiti akadakia.

Mama Punje akafikiri. Aliiona siku ile yote tena, jua likihama, kitambaa, shingo ya moto. Siku ile mkono wa kushoto haukuvuliwa kifuko. Ulikuwa na kazi nyingine.

"Mleteni kwangu huyo Punje," bibi akasema, na Punje akapita juu ya vichwa vya watu, mkono hadi mkono, akishangaa.

Fundi ndiye aliyefungua kamba. Gumba, kimya. Cha shahada, mwanga ulipita, ukarudi, ukasita, kimya. Cha kati, kimya. Mama Punje alikiweka cha pete kwa upole, kama anayemlaza mtoto aliyekwisha kusinzia. Mwanga ukaingia chini yake, ukatembea chumba hadi chumba, na mahali fulani humo ndani ukamkuta mtu.

Kisanduku kikalia.

Kelele zilizopigwa ziliwaamsha watoto wote wa darasa, wakalia pia. Muuza mkaa alimnyanyua fundi juu, fundi akamwambia amshushe upesi, ameshamtia mkaa. Nesi wa mizani alipangusa macho, akasema lazima awahi foleni yake, na hakwenda. Karani aliandika kadi, akampa Mama Punje kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake.

Kisha karani alifanya jambo ambalo hakutumwa. Alichukua daftari la chekechea lililobaki kabatini, akapiga mstari kwa rula, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa: WALIFIKA, VIDOLE HAVIKUSOMEKA. Akaanza kuyaandika majina aliyoyakumbuka, na akina mama waliokuwepo wakamkumbusha mengine. Yule wa kuponda kokoto, yule wa kubeba chokaa, yule wa kumenya korosho. Alipomaliza akatoka nje na simu. Kupitia dirishani walimwona akitembea huku na huko, mkono mmoja kiunoni, akisema na mtu aliyeonekana kuwa mgumu. Alirudi amelowa jasho.

"Wamenipa siku kumi zaidi," akasema. "Na wameniambia niandike barua ya hilo jibu la tatu. Nitaiandika leo leo, kabla hawajajuta."

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. Alikuwa mwosha vyombo kwenye mgahawa karibu na stendi. Alikuwa ameificha mikono yake nyuma tangu mwanzo. Alipoileta mbele, vidole vyake vilikuwa vyekundu, vimesuguliwa.

"Umetumia nini?" Mama Punje akamuuliza.

"Chuma cha kusugulia sufuria," yule akanong'ona. "Nilidhani kisanduku kinakataa mafuta ya kupikia."

Mama Punje alimshika mikono yote miwili, akaifunika kwa yake, akangoja mpaka ipate joto. "Mdogo wangu, usikiweke kidole chako leo. Usiitumie nafasi yako. Mgahawa wenu mnafungua saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi. Kwa nini, dada?"

"Ili nijue niamke saa ngapi."

"Lakini mikono yako, dada... si itaharibika tena?"

"Iharibike. Mimi nimeshasomwa."

Asubuhi iliyofuata alikuwa uani mwa mgahawa, Punje ameketi kwenye kreti lililogeuzwa, ameshiba, maana alilishwa mpaka kikombe kikaisha. Mwosha vyombo alikaa kando, mikono yake imepakwa mafuta na kulala mapajani, hajui aifanye nini. Sufuria ya kwanza ilikuwa kubwa kiasi kwamba mtu angeweza kuoga ndani yake. Mama Punje alitia mikono majini, akahisi joto likipanda hadi viwiko, na zile njia chache za sisimizi zikianza kulainika, kusahaulika, kwenda zao. Hakuzihurumia. Katika mkoba wa karani, ndani ya kisanduku cheusi, kulikuwa na kidole chake kimoja kilichokaa mahali pakavu, na huko hakuna sabuni itakayokifikia.

"Nisogezee ile nyingine," akasema, "kabla hii haijapoa."